Sura ya Tano: Viini Visivyongoja

Mwaka 2009, mzigo mdogo uliokingwa kwa risasi ulivuka Bahari ya Atlantiki mara tano. Uliondoka New York kwenda Moscow, maofisa wa forodha wakaukataa kwa kuwa hati zake hazikukamilika, ukarudi ulikotoka. Ukapelekwa mara ya pili, ukakataliwa mara ya pili. Safari ya tatu ya kwenda ndiyo iliyopokelewa. Ndani yake mlikuwa na miligramu 22 za berkeliamu-249, na muda wote makaratasi yalipokuwa yakihangaikiwa, berkeliamu ilikuwa ikipungua. Nusu yake hutoweka kila baada ya siku 330 hivi, forodha itake isitake.

Kuipata ilikuwa kazi ya karibu mwaka mzima. Katika Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, jimboni Tennessee, Marekani, elementi nyingine nzito zilikaa siku 250 ndani ya kinu cha nyuklia zikipigwa na nyutroni. Wakemia wakachukua siku 90 zaidi kuichambua berkeliamu kutoka kwenye mchanganyiko uliotoka kinuni. Ilipofika Urusi ilipakwa kama utando mwembamba, ikapelekwa mji wa Dubna, na huko ikapigwa kwa viini vya kalsiamu-48 kwa siku 150. Mavuno yalikuwa atomu sita za elementi ya 117, ambayo leo inaitwa tenesini. Zote sita zilikwisha ndani ya sehemu ya sekunde.

Watu wengi wakisikia habari za isotopu adimu hudhani ugumu uko katika kuzitengeneza. Kweli, kazi hiyo hula umeme na fedha, lakini kanuni yake imejulikana tangu miaka ya 1930: piga kiini kwa chembe yenye nishati ya kutosha, nacho kitageuka. Taabu huanza baada ya pigo, kwa sababu pigo halichagui. Huzaa mamia ya aina za viini kwa mkupuo mmoja, na kile unachokitafuta huenda kikawa kimoja kati ya mabilioni, tena kikiwa tayari kinaelekea kufa. Kwa hiyo historia ya fani hii ni historia ya kutenga. Na iliyoiongoza ni saa: kadiri uhai wa isotopu unavyokuwa mfupi, ndivyo mahali pa kuizalisha na mahali pa kuitenga panavyosogeleana, mpaka mwishowe kuzalisha na kutenga vikawa tendo moja.

Wanaodumu na wasiodumu

Atomu hujulikana kwa idadi ya protoni zake. Kila atomu yenye protoni 50 ni bati, kila yenye protoni 82 ni risasi, hakuna mjadala. Nyutroni ndizo zinazotofautiana, na kila idadi ya nyutroni hutupa isotopu yake. Bati lina isotopu tulivu kumi, nyingi kuliko elementi nyingine yoyote. Lakini maabara zimeona bati la aina nyingine nyingi: kuanzia bati-100, lenye nyutroni 50 tu, hadi kulipita bati-132, lenye nyutroni 82. Hizo za pembeni hazimo katika bati lolote linalochimbwa. Zikizaliwa, hugeuka haraka na kuwa kitu kingine.

Isotopu tulivu zote za duniani ni kama 250. Zilizokwisha kuonekana, tulivu na zisizo tulivu, zimepita 3,300, na wananadharia wanakadiria kwamba zinazoweza kuwapo zinakaribia 7,000. Maana yake, jedwali lote tunalolisoma shuleni limejengwa juu ya sehemu ndogo ya viini ambavyo maumbile yanaviruhusu. Vilivyobaki huzaliwa ndani ya nyota zinazolipuka au zinazogongana, na huisha hukohuko.

Kipimo cha uhai wao ni nusu-uhai, yaani muda ambao nusu ya viini vilivyokuwapo huwa vimekwisha kugeuka. Nusu-uhai wa urani-238 ni miaka bilioni 4.5. Wa radiamu-226 ni miaka 1,600, wa poloniamu-210 siku 138, wa fransiamu-223 dakika 22, na wa lithiamu-11 haufiki hata sekunde 0.01. Hakuna jokofu linaloweza kuuongeza. Anayetaka kuchunguza kiini cha namna hii ana njia moja tu: awahi.

Tani za mawe, chembe ya chumvi

Marie na Pierre Curie walitangaza poloniamu mwezi Julai 1898, na radiamu Desemba mwaka huohuo. Ushahidi wao ulikuwa mionzi: ndani ya madini meusi ya urani mlikuwa na kitu kilichong'ara kwa mionzi kuliko urani yenyewe. Wakemia wa Paris hawakuridhika. Walitaka kuiona elementi mpya chupani na kujua uzito wa atomu yake.

Marie akaanza kazi katika banda bovu la shule moja jijini Paris. Malighafi yake ilikuwa mabaki ya madini kutoka Joachimsthal, Bohemia, ambayo urani yake ilikwisha kutolewa. Aliyachemsha kilo 20 kwa zamu, akikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Adui yake mkuu alikuwa bariamu. Kwa kemia, radiamu na bariamu ni ndugu: hushikana na vitu vilevile, huyeyuka katika vitu vilevile. Tofauti iliyomsaidia ni ndogo mno: chumvi ya radiamu hutangulia kidogo kuganda na kuwa fuwele. Kwa hiyo aliyeyusha, akangoja fuwele, akazichukua, akaziyeyusha tena, akarudia mara maelfu. Mwaka 1902, kutoka katika tani kadhaa za mabaki, alikuwa na takriban gramu 0.1 ya kloridi ya radiamu.

Na poloniamu, iliyotangulia kutangazwa? Hakuwahi kuitenga kwa kiasi cha kuweka kwenye mizani. Mbinu ya miaka haiwezi kukamata kitu cha miezi. Wakati radiamu ilikaa ikimngoja, poloniamu ilikuwa ikipungua kwa nusu kila baada ya siku 138, hata kama angefanya kazi bila kosa lolote.

Uvumilivu wa radiamu ulijenga biashara nzima ya kimataifa. Mwaka 1921 ulianza uchimbaji wa Shinkolobwe, kusini mwa Kongo, katika nchi ya Kiswahili cha Katanga. Madini yake yalikuwa tajiri kupita kiasi. Shehena nyingine zilikuwa na oksidi ya urani hadi 65%. Hapakuwa na haja ya kujenga maabara karibu na mgodi. Kampuni ya Union Minière iliyapeleka mawe hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda cha radiamu kilifunguliwa mwaka 1922, na wazalishaji wa Marekani wakashindwa kushindana nayo kwa bei. Katika kila tani tatu za urani mna takriban gramu moja tu ya radiamu. Katanga ilitoa tani, Olen ikatoa gramu, na fedha ikafuata gramu. Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu kitu chenye nusu-uhai wa miaka 1,600 hakijali kukaa baharini wiki kadhaa.

Dakika za Joliot na za Perey

Januari 1934, Irène Curie, binti wa Marie, na mumewe Frédéric Joliot walipiga karatasi nyembamba ya aluminiamu kwa chembe za alfa. Walipoondoa chanzo cha chembe, aluminiamu iliendelea kutoa mionzi, ikififia kwa nusu kila baada ya dakika chache. Walishuku kuwa baadhi ya viini vya aluminiamu vimegeuka fosforasi-30, isotopu isiyokuwapo katika mazingira. Lakini walihitaji kuthibitisha kwa kemia, nao walikuwa na chini ya dakika tatu kabla nusu ya ushahidi haujapotea.

Walibuni njia fupi. Aluminiamu iliyopigwa walitumbukiza ndani ya asidi ya kloridi. Ilipoyeyuka ilitoa haidrojeni, na fosforasi ikaondoka na gesi hiyo hadi kwenye kijibomba cha pembeni. Kipimo kikaonyesha kuwa mionzi nayo imehama: chupa ya aluminiamu imekuwa kimya, kijibomba kinatoa mionzi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza binadamu kutengeneza isotopu yenye mionzi na kuitenga, na mwaka uliofuata ilileta Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Katika taasisi ya Paris walikofanyia kazi alikuwapo pia Marguerite Perey, aliyeajiriwa mwaka 1929 akiwa na miaka 19 kama msaidizi wa Marie Curie. Kazi yake ilikuwa kusafisha aktiniamu, elementi ambayo haikai safi: ukimaliza kuisafisha, inaanza kuzaa elementi nyingine na kujichafua. Mwaka 1939 Perey aliisafisha kwa kasi kuliko waliomtangulia, akaipima papo hapo. Dakika za mwanzo akaona mionzi ambayo haikuwa ya aktiniamu wala ya watoto wake waliojulikana. Ilitoka kwa elementi ya 87, yenye nusu-uhai wa dakika 22, naye akaiita fransiamu. Wengine walikuwa na vifaa na aktiniamu. Walichokosa ni mikono ya haraka. Perey baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, mwaka 1962.

Mikono, hata iwe ya Perey, ina kikomo. Isotopu ya dakika 22 unaweza kuifukuzia kwa chupa na asidi. Ya sekunde tano huwezi. Ndipo mashine zikaingia.

Kopenhagen, 1951

Otto Kofoed-Hansen na Karl Ove Nielsen walikuwa wanafizikia wa taasisi ya Niels Bohr jijini Kopenhagen. Walitaka kuchunguza nyutrino, chembe ambayo wakati huo hakuna aliyekuwa ameinasa, na kwa hilo walihitaji kriptoni yenye nyutroni nyingi, inayoishi sekunde chache. Taasisi ilikuwa na saiklotroni, yaani mashine ya kukimbiza chembe, na ilikuwa na mashine ya kutenga isotopu kwa sumaku. Vifaa hivyo viwili vilikuwa vikitumiwa kila kimoja kwa kazi yake. Wakaviunganisha kwa bomba.

Upande mmoja waliweka oksidi ya urani iliyochanganywa na hamira ya unga, ile ya waokaji. Nyutroni zilizozalishwa kwa saiklotroni zilipasua urani, na kriptoni ikawa miongoni mwa vipande. Hamira ilitoa gesi, na gesi hiyo ikaisukuma kriptoni ndani ya bomba hadi upande wa pili, ambako ilitiwa chaji na kupitishwa katika sumaku. Kutoka kuzaliwa hadi kutengwa hakuna mtu aliyegusa chochote. Kriptoni-91, yenye nusu-uhai wa chini ya sekunde 10, ilifika ikiwa na uhai wa kutosha kupimwa.

Huo ndio mwanzo wa njia ambayo mabingwa wake huiita utengaji wa mfululizo: shabaha, kitia-chaji na sumaku vikiwa mstari mmoja usiokatika. Desemba 1964 CERN, maabara ya Ulaya iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iliidhinisha mradi wa kuifanya kwa ukubwa. Mradi uliitwa ISOLDE, na ulianza kutoa isotopu Oktoba 1967.

Kutoka ndani ya tanuri

Leo ISOLDE hupokea protoni kutoka kwa kichapuzi cha CERN kiitwacho PS Booster. Kila baada ya sekunde 1.2 huweza kuja mpigo mmoja wenye hadi protoni trilioni 30, kila moja ikiwa na nishati ya elektronivolti bilioni 1.4. Shabaha ni bomba la tantali lenye urefu wa sentimita 20 hivi, na mara nyingi hujazwa vidonge vya kabidi ya urani. Protoni ikigonga kiini cha urani, huenda ikakipasua katikati, ikakibandua pembeni, au ikakimega vipande vidogo. Ndiyo maana shabaha moja huzaa karibu kila kitu kilicho chini ya urani katika jedwali.

Isotopu mpya huzaliwa mfungwa ndani ya punje ya kabidi. Ili itoke, lazima ijipenyeze hadi kwenye uso wa punje, iruke kutoka ukuta hadi ukuta katika vitundu, kisha ilipate tundu la kutokea. Kwa hiyo umeme mkubwa hupitishwa katika tantali hadi joto lifikie nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi. Wataalamu wa shabaha hutumia miaka wakichezea ukubwa wa punje na nafasi kati yake, kwa kuwa punje ndogo humaanisha njia fupi, na njia fupi humaanisha viini vingi zaidi vinavyotoka hai.

Mlangoni panaanza kutenga. Elementi kama rubidiamu, siziamu na fransiamu hushikilia elektroni yao ya nje kwa ulegevu. Zikigusa tu chuma cha moto humwaga elektroni hiyo na kuwa ioni. Zilizobaki nyingi hazikubali. Kwa hizo ISOLDE hutumia leza, mbinu iliyoingia kazini miaka ya 1990. Elektroni za kila elementi hupokea rangi fulani za mwanga na kuzikataa nyingine. Leza mbili au tatu, kila moja ikiwa imerekebishwa kwa rangi yake, huipandisha elektroni ngazi kwa ngazi hadi itoke kabisa. Rangi zikiwa za bati, bati peke yake ndilo linalotiwa chaji, hata kama limezungukwa na elementi nyingine elfu mara kwa wingi.

Kisha ioni huvutwa kwa volti kati ya 30,000 na 60,000 na kuingia katika sumaku iliyopinda. Ni kama kupeta mpunga: upepo ni mmoja, lakini kapi huenda mbali na mchele huanguka karibu. Sumaku hupindisha ioni nyepesi zaidi kuliko nzito, na kwenye njia ya kutokea mwanya mwembamba huruhusu uzito mmoja tu.

Kwa nini zihitajike hatua zote mbili? Kwa sababu bati-132 na antimoni-132 zina uzito unaokaribia kulingana kabisa. Sumaku ya kawaida haioni tofauti. Na leza, kwa upande wake, hupokea bati lolote, liwe 120 au 132. Leza huchagua elementi, sumaku huchagua uzito, na penye makutano ya machaguo hayo mawili ndipo palipo na isotopu moja. Kwa njia hii ISOLDE imekwisha kutoa zaidi ya isotopu 1,300 za elementi zaidi ya 70. Fransiamu ya Perey, ambayo hadi leo hakuna aliyeweza kuiweka kwenye mizani, ilionyesha rangi yake kwa mara ya kwanza hapa mwaka 1978, miaka 39 baada ya kugunduliwa.

Shabaha ikishatumika hugeuka hatari mno. Roboti huing'oa, huipeleka kwenye hifadhi yenye kuta nene na kuweka nyingine. Mwanafizikia anayesubiri isotopu zake huwa upande wa pili wa ukuta, mbele ya kompyuta.

Njia hii ina wanaoigomea. Tangisteni na jamaa zake hawayeyuki kwa urahisi hata kwenye nyuzi 2,000. Huzaliwa ndani ya kabidi na kufia humo. Kwa baadhi ya elementi kaidi wakemia hupenyeza gesi yenye florini ili kiini kitoke kikiwa molekuli, ambayo huwa nyepesi kuondoka. Hila hiyo husaidia kwa baadhi, si kwa zote. Na hata kwa zinazotoka, kuna zinazochelewa: kiini cha milisekunde tano hakina muda wa kuzungukazunguka vitunduni.

Kutenga katika mwendo

Suluhisho lilikuwa kuugeuza mchezo. Badala ya kurusha protoni nyepesi kwenye shabaha nzito, rusha kiini kizito chenyewe kwenye shabaha nyembamba na nyepesi. Kikigonga, hupoteza vipande, na kilichobaki huendelea mbele kwa kasi ileile karibu, bila kunaswa popote. Hakuna tanuri, hakuna kungoja itoke, na kemia haina kauli.

Kituo kikubwa cha namna hii nchini Marekani ni FRIB, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, mjini East Lansing. Kilifunguliwa Mei 2022 baada ya gharama ya dola milioni 730. Kichapuzi chake huweza kukimbiza viini hata vya urani hadi takriban nusu ya kasi ya mwanga na kuvigongesha kwenye gurudumu la grafiti linalozunguka, maana grafiti iliyosimama ingeungua. Mvua ya vipande huingia katika mstari wa sumaku. Katikati ya mstari huwekwa kabari ya aluminiamu. Kila kipande hupita ndani yake na kupoteza nishati, na chenye protoni nyingi hupoteza zaidi. Sumaku za upande wa pili hukamata tofauti hiyo, hivyo kile ambacho ISOLDE hukifanya kwa leza, hapa hufanywa na kipande cha metali kilichochongwa kwa hesabu. Safari yote huchukua chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Mwishoni, kila kiini hutambuliwa kimojakimoja: muda wake wa safari, nishati kiliyoiacha kwenye kipimo, na jinsi kilivyopinda. Ndiyo sababu kituo cha GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, kiliweza mwaka 1994 kutangaza bati-100 kwa kuwa na viini saba tu mkononi. Mwaka 2012 timu ya kituo hichohicho ilichapisha matokeo ya viini 259, ikapima nusu-uhai wake: zaidi kidogo ya sekunde moja. Na mwanzoni mwa 2024 FRIB ilitangaza isotopu tano ambazo zilikuwa hazijawahi kuonekana, za thuliamu, iterbiamu na lutetiamu.

Kasi hiyo ina gharama. Viini vinavyofika kwa nusu ya kasi ya mwanga ni vigumu kushikwa na kupimwa kwa utulivu, ilhali mkondo wa ISOLDE ni mwembamba na mpole. Kwa hiyo njia hizi mbili hazikuuana. FRIB husimamisha baadhi ya viini vyake ndani ya chumba cha heliamu ili vipimwe taratibu. Na dunia ina vituo vya pande zote mbili, kuanzia TRIUMF jijini Vancouver hadi RIKEN mjini Wako, Japani.

Kilichopatikana

Fedha hizi zote zimenunua nini? Kwanza, zimevunja picha ya vitabuni ya kiini kama kidonge cha mviringo. Mwaka 1985, Isao Tanihata na wenzake wakiwa Berkeley, California, walipima lithiamu-11 na kuikuta kubwa kupita kawaida. Nyutroni zake mbili za mwisho hutangatanga mbali na nyingine, hata upana wa kiini hicho chepesi ukakaribia ule wa risasi-208. Katika miaka ya 1970 ISOLDE ilikuwa imeona ajabu nyingine kwenye zebaki: ukipunguza nyutroni mojamoja, kiini hubadilika umbo ghafla, kikirefuka, kikirudi mviringo, kikirefuka tena. Mwaka 2013 ikathibitishwa hukohuko kwamba radiamu-224 ina umbo la peasi. Viini vya umbo hilo sasa vinatafutiwa dalili za kueleza kwa nini ulimwengu una maada nyingi na karibu hauna antimaada.

Pili, zimetufikisha karibu na asili ya dhahabu. Agosti 17, 2017, vipimo vya mawimbi ya mvutano vilinasa nyota mbili za nyutroni zikigongana, na darubini zikaona mng'ao wa elementi nzito zikiundwa. Katika mgongano huo viini humeza nyutroni haraka kuliko vinavyoweza kugeuka, vikipitia isotopu ambazo duniani hazipo. Ili kukokotoa mavuno yake, lazima ujue isotopu hizo hudumu muda gani. Kadmiamu-130, moja ya vituo vikuu vya njia hiyo, ilipimwa ISOLDE mwaka 1986 na kukutwa na nusu-uhai wa karibu sekunde 0.2. Hesabu za nyota zilizofuata zimejengwa juu ya vipimo vya aina hiyo.

Tatu, zimeingia hospitalini, na hapo ndipo kanuni ya saa inapomgusa mtu asiyejali nyota. Nyuma ya shabaha za ISOLDE sasa huwekwa shabaha ya pili, kwa kuwa sehemu kubwa ya protoni hupita ya kwanza bila kugonga kitu. Kituo hicho, MEDICIS, kilitoa isotopu zake za kwanza Desemba 2017, zikiwamo za tebiamu zinazofanyiwa utafiti wa kugundua na kutibu saratani. Kazi ya kila siku, hata hivyo, iko kwa florini-18, inayoonyesha uvimbe wa saratani kwenye picha. Nusu-uhai wake ni dakika 110. Haiwezi kuagizwa kutoka Ulaya: ndege ingetua na chupa iliyobaki na chembe ya kile kilichopakiwa. Kwa hiyo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, zote za Nairobi, zina saiklotroni zao, na wakemia wao hutengeneza, hutenga na kuhakiki dawa siku ileile ambayo mgonjwa ameitwa.

Weka hilo kando ya Shinkolobwe. Urani na radiamu zilikuwa na muda wa kungoja, hivyo mawe yakatoka Katanga na ujuzi wa kuyachambua ukabaki kwingine kwa miongo mingi. Florini-18 haikubali mgawanyo huo wa kazi. Anayeihitaji hawezi kununua ya mwaka na kuiweka ghalani. Lazima awe na mashine, umeme usiokatika, na watu wanaojua kutenga wakiwa umbali usiozidi saa mbili kutoka kitanda cha mgonjwa. Kwa isotopu za muda mrefu, nchi inaweza kuishi kwa kuuza madini na kununua dawa. Kwa za muda mfupi, ujuzi wa kutenga ndio mali, na haupatikani kwa meli.